Dalili za Injini Inayochoka

Mazungumzo ya Katibu mbele ya Mkutano wa Wanachama



Katika siku hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo lisilo na shangwe nyingi, yaani injini ya lori. Huenda wapo watakaouliza: je, hilo si jambo la dereva na fundi? Twajibu kwamba lori si mali ya dereva wala ya fundi. Limenunuliwa kwa senti zilizokatwa katika mauzo ya mchicha wa Chamazi, mihogo ya Toangoma, na nyanya chungu za Bunju na Mabwepande. Mwenye mali asiyejua dalili za ugonjwa wa mali yake huletewa habari siku ya maziko tu.

Tuanze na jinsi injini inavyofanya kazi. Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu mwaka 1897 kuonyesha injini ambayo haihitaji cheche ya kuwashia mafuta. Ndani ya silinda pistoni huibana hewa kwa nguvu nyingi hata hewa hiyo ikawa ya moto mkali. Ndipo noza hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Wakulima watafurahi kusikia kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Basi, nguvu yote ya lori yatoka katika kubana. Kila kinachovujisha mbano huo, na kila kinachoharibu oili au maji ya kupoza, huanza kuiua injini. Na injini haifi kimya. Hutoa habari mapema kwa moshi, kwa joto, kwa sauti na kwa kiu.

Moshi ndio barua ya kwanza, na kila mwanachama aliyesimama kando ya njia aweza kuisoma. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: aghalabu filta ya hewa imejaa vumbi la njia zetu za mchanga, au noza imechoka, au mzigo umezidi kiasi. Moshi wa rangi ya samawati maana yake oili inaungua ndani ya silinda. Ukitokea kidogo wakati wa kuwasha asubuhi kisha ukakoma, huenda sili za vali zimekakamaa. Ukizidi lori linapopanda mlima, yafaa kushuku ringi za pistoni. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanapovujia, ni dalili kwamba maji yameingia mahali pa moto, na gasketi ya silinda hedi yapaswa kuchunguzwa upesi. Lakini moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi hutoka zaidi katika noza mbovu.

Dalili ya pili ni joto. Lori letu likikaa katika msongamano wa Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, rejeta haipati upepo wa mwendo. Yategemea feni peke yake, na jua la Dar es Salaam halina huruma. Mshale wa joto ukipanda kuliko mahali ulipozoea kukaa, lisimamishwe kando na kuzimwa. Hapo watu wengi hufanya makosa mawili. La kwanza ni kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo. Maji yaliyomo yamebanwa, na huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa hulipuka kwa mvuke na kuunguza uso wa mtu. La pili ni kumimina maji baridi katika injini ya moto, na chuma kikishtuka hivyo huweza kupasuka. Subirini ipoe, kisha tazameni mkanda wa feni, mipira ya maji, na chini ya lori.

Dalili ya tatu ni sauti. Mlio mwepesi wa tiki-tiki sehemu ya juu huweza kuwa ni vali zinazotaka kurekebishwa, na hilo si la kufisha. Lakini ngo-ngo nzito itokayo chini, inayozidi lori likibeba mzigo, ni sauti ya bearingi za krankshafti zilizolika. Injini inayogonga hivyo isiambiwe, “Fika Tandika kwanza, tutaangalia baadaye.” Kila mzunguko huongeza uharibifu, mpaka kipande kikatike na kutoboa bloku. Kadhalika taa nyekundu ya oili: ikiwaka barabarani si onyo la kesho, ni amri ya kuzima injini sasa hivi. Ikimetameta tu injini ikiwa ya moto na imetulia, msukumo wa oili umepungua, na fundi aitwe.

Dalili ya nne ni kiu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kijiti cha oili kivutwe, kifutwe, kirudishwe, kisha kisomwe, lori likiwa mahali tambarare. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ajabu, kwa sababu huchukua masizi mara tu baada ya kubadilishwa. La kuogopa ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana imechanganyika na maji. Au yenye chembe za chuma zinazong’aa. Au inayopungua kila juma ingawa hakuna tone chini. Wenye bajaji na pikipiki, wanaotuletea mizigo kutoka vichochoroni, wakumbuke kwamba injini zao hubeba oili ya takriban lita moja tu. Kwao kupungua kidogo ni kupungua kwingi.

Yapo mambo mawili ya huku kwetu ambayo hayana budi kutajwa. La kwanza ni mafuriko. Wakati wa masika Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, na malori yatokayo Kinondoni kwenda Kariakoo hukuta maji njiani. Maji yakivutwa kwa njia ya hewa hata ndani ya silinda, pistoni hushindwa kuyabana, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Mkono wa pistoni hupinda. Injini iliyozimika ndani ya maji isiwashwe tena hata mara moja mpaka fundi ayatoe maji hayo. La pili ni mafuta yaliyochanganywa. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa dizeli, na pampu ya noza hulika upesi yakitiwa. Ndiyo sababu EWURA ilianza mwaka 2010 kuweka alama ya siri katika mafuta ya magari, ili uchanganyaji ugundulike. Tununue mafuta penye stakabadhi, na stakabadhi itunzwe.

Sasa, wanachama wenzetu, twafika penye kiini cha mazungumzo haya. Madereva wetu wengi wazijua dalili hizi kuliko sisi wa ofisini. Mbona basi malori ya vyama hufa barabarani? Tutafakari hali ya alfajiri moja tu. Lori limejaa mchicha na matembele. Mshale wa joto umeanza kupanda. Dereva ajua kwamba imempasa kusimama. Lakini juu ya mzigo ameketi mama aliyefunga mafungu yake tangu jana jioni, naye ajua kwamba majani yakikosa soko la asubuhi, saa sita mchana yatakuwa yamelala. Afisa naye apiga simu kuuliza mzigo umefika wapi. Dereva akisimama, atalaumiwa na wote wawili leo. Akiendelea, pengine injini itastahimili. Basi huendelea. Hapo si ujinga ulioua injini. Imeuawa na utaratibu unaomtwika hasara mtu mmoja kwa faida ya wote.

Mama yule hana kosa. Mafungu yake ndiyo ada ya shule na unga wa juma zima, na kumwambia avumilie kwa ajili ya ushirika, huku ushirika haumvumilii yeye, si haki. Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano huu mambo matatu, tukiomba yajadiliwe na kupigiwa kura.

Kwanza, liwepo daftari la lori. Kila asubuhi dereva na utingo wake waandike kipimo cha oili, kiasi cha maji kilichoongezwa, na kilomita. Mwanachama yeyote awe na ruhusa ya kulisoma, kama vile ana ruhusa ya kusoma hesabu zilizokaguliwa. Ugonjwa usioonekana kwa siku moja huonekana wazi katika kurasa za mwezi mzima.

Pili, neno la dereva la kusimamisha lori lisipingwe na Mjumbe, wala afisa, wala Katibu, wala posho yake ya siku hiyo isikatwe. Fundi ndiye atakayeamua kama lori laweza kuendelea.

Tatu, hasara ya mboga za siku hiyo isibebwe na wenye mzigo peke yao. Itengwe akiba kutokana na nauli ya mizigo, ya kulipia matengenezo na kufidia mzigo uliooza kwa sababu lori lilisimamishwa. Bila jambo hili la tatu, la pili litabaki maandishi ukutani.

Wazee waliomo humu wakumbuka jinsi vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wajua kwamba kujenga upya ni kazi nzito kuliko kutunza. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi mawingu ya injini tumekwisha kuyataja kwa rangi zake.

Bwana Mwenyekiti, lori liko nje chini ya mwembe, nalo limepoa. Baada ya chakula dereva atafungua boneti na kuonyesha kijiti cha oili, rejeta, mkanda na filta. Twaomba akina mama wasimame mbele, kwa kuwa mizigo mingi ni yao. Kisha turudi ndani tupige kura.