Kibaha au Kisarawe?

Msikilizaji, unataka kuhamia Kibaha au Kisarawe? Kote ni Mkoa wa Pwani na joto ni lile lile, ila maisha hayafanani.

Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa. Ipo kwenye Barabara ya Morogoro, mabasi ni mengi, na Hospitali ya Tumbi iko karibu. Ubaya wake ni foleni na kelele za malori.

Kisarawe ni vilima na utulivu. Tangu 2020 inapata maji ya mtambo wa Ruvu Juu. Lakini imepakana na msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi: ukiuziwa kiwanja humo, umeliwa.

Kabla ya kulipa, hakiki kiwanja ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kisha jaribu safari ya kazini Jumatatu alfajiri, upige hesabu ya nauli ya mwezi.