Mgonjwa ni mmoja, programu ni mbili

Maneno ya kamati ya afya katika mkutano wa wanamemba wa Butembo na Beni

Asante sana kwa wale walitoka Oicha na Mbau, wakalipa moto na feza yao wenyewe ili wafike hapa.

Kamati ya afya ya shirika letu imepata maulizo mengi yanayofanana, na tumeona vizuri tuyajibu mbele ya wote. Ulizo lenyewe ni hili: mutu akiwa na kifua kikuu, na tena akiwa na virusi vya sida, nani anamuhudumia? Na kama alikimbia vita kisha akarudi, aanzie wapi?

Tuanze na namna mambo yamepangwa. Hapa Kongo, wizara ya afya iko na programu ya taifa ya kupiganisha kifua kikuu, ile PNLT, na ingine ya kupiganisha sida, PNLS. Dawa za pande zote mbili ni za bure kwa mgonjwa, na sehemu kubwa inanunuliwa kwa feza za Mfuko wa Dunia, ule tunazoea kuita Fonds mondial. Lakini kila programu iko na regista yake, karti yake na siku zake za kugawa dawa.

Mwenye kifua kikuu cha kawaida ananywa dawa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza ni dawa 4, miezi 4 inayobaki ni dawa 2. Makohozi yake yanapimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Mwenye virusi vya sida yeye ananywa dawa maisha yote, na akishatulia anaweza kupewa za miezi 3, hata 6, kwa mara moja. Kwa hiyo kalenda mbili haziendi pamoja. Mutu huyo huyo, anayekohoa na ambaye miguu haina nguvu, anaitwa huku Jumatatu na kule Alhamisi.

Mama mmoja alituuliza: "Si dawa ni za bure huku na kule, sasa shida iko wapi?" Shida iko katikati, mahali programu moja haijui kama ingine inafanya nini. Tutoe mfano mmoja ambao kila mutu hapa anapaswa kuushika.

Watu wazima wengi wenye virusi vya sida wananywa siku hizi kidonge kimoja kwa siku, kinaitwa TLD. Ndani yake mna dawa tatu, na moja ni dolutegravir. Kati ya dawa za kifua kikuu kuna rifampicine, ile inafanya mkojo uwe mwekundu. Rifampicine inafanya mwili umalize dolutegravir mbio sana, nguvu yake inapunguka. Ndiyo maana munganga anaongezea mgonjwa kidonge kingine cha dolutegravir, saa 12 baada ya kile cha kwanza, muda wote wa rifampicine na wiki 2 baada ya kuimaliza. Sasa fikiria mutu aliyeficha. Kule kwa kifua hakusema ananywa TLD. Kule kwa TLD hakusema ameanza dawa za kifua. Ananywa dawa zote kwa uaminifu, haruki hata siku moja, na bado virusi vinaweza kuamka. Mutu asijiongezee kidonge yeye mwenyewe, hapana. Aseme tu kwa munganga, huyo njo anajua kupanga.

Kuna na jambo la wamama. Rifampicine inapunguza pia nguvu ya kijiti cha mkononi na vidonge vya kupanga uzazi. Mama anayetumia njia hizo aulize wakati anaanza dawa za kifua, asingojee mimba imushangaze.

Mambo haya hayakuanza leo. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa tangu 2004 maelekezo ya kufanya programu hizi mbili zitembee pamoja. Kila mwenye kifua kikuu apendekezewe kupimwa virusi. Kila mwenye virusi aulizwe, kila mara anafika, kama anakohoa, kama ana homa, kama anakonda, kama anatoka jasho usiku. Sababu ni wazi: kati ya watu wenye virusi vya sida duniani, kifua kikuu njo kinaua wengi kupita magonjwa mengine. Na Kongo yetu iko kwenye orodha ya inchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu.

Sasa tuje kwetu, sisi tuliorudi. Tangu Oktoba 2014 watu wa teritware ya Beni wanakimbia mauaji, wanarudi, wanakimbia tena. Wengine kati yetu walitoka Kanyabayonga na Kirumba wakati vita vilifika huko katikati ya 2024. Wengine walivuka mpaka, wakaikala Uganda. Mutu anapokimbia usiku, anabeba mtoto, godoro na sufuria. Karti ya hospitali inabaki ukutani. Akifika Butembo anaona haya kuanza kueleza upya magonjwa mawili kwa watu hawamujui, anasema tu kile kimoja ambacho hakina haya sana. Au ananyamaza kabisa. Dawa za kifua zikikatwa katikati, kifua kinaweza kurudi kikiwa kigumu, dawa za kawaida hazikiwezi tena, na watu wa nyumba moja wanaambukizwa kile kigumu.

Kwa hiyo tunaombana mambo manne.

La kwanza: karti zote mbili zikae pamoja, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na karti ya kura na karatasi za watoto. Mwenye simu apige picha ya kila karti. Karti ya Uganda nayo, hata kama imeandikwa Kingereza, musiitupe: inaonyesha dawa gani na tangu tarehe gani.

La pili: mutu akijua anahama, hata kutoka Beni kwenda Butembo, aombe karatasi ya uhamisho kwa vituo vyote viwili. Iandikwe tarehe alianza, dawa, kilo zake, na majibu ya makohozi. Aliyekimbia bila kitu asingoje karatasi. Aende kituo cha afya cha karibu, aseme yote mawili; wao wanaweza kutafuta habari zake kupitia ofisi ya zoni ya afya alikotoka.

La tatu: muulize kama kuna kituo kinachotoa dawa zote mbili chini ya paa moja. Pasipo kuwa nacho, muombe vituo viwili viwapangie siku moja. Maombi hayo si dharau kwa munganga. Ni haki ya mgonjwa kuuliza.

La nne linatuhusu sisi sote. Dawa ni bure, lakini moto si bure, chakula si bure, na mara nyingi fishi, radio na vipimo vingine vinalipishwa. Hapo katikati, ambapo programu zote mbili zinasimama, njo sanduku letu linaingia. Kamati imekubali kusaidia kwanza safari na vipimo vya wale wanaofuata matibabu mawili. Na tumeweka sheria: anayeomba anaongea na mutu mmoja tu wa kamati, mwanamke au mwanaume, vile yeye anapenda. Ndani ya kitabu cha feza kutaandikwa tu "msaada wa afya", bila jina la ugonjwa. Sheria ya inchi, ile namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya sida. Shirika letu halitakuwa mahali pa kuvunja sheria hiyo kwa masengenyo.

Wapendwa, programu mbili haziwezi kukutana zenyewe njiani. Zinakutana kwa mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa peke yake anachoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo kila kikundi cha mtaa kichague leo, mbele hatujaachana, watu wawili wenye kinywa kizito, watakaosindikiza mgonjwa kituoni akiomba. Majina yapewe kwa karani.

Mwenye ulizo la wazi aulize sasa. Mwenye ulizo la siri, tunabaki hapa nyuma ya mkutano.