KATANI NA NYUZI ZA KIOO: NGUVU YA LEO NA UIMARA WA KESHO

Somo letu la leo ni juu ya vitu vinavyoundwa kwa kuchanganya nyuzi za mmea na nyuzi za kiwandani. Nitachukua mfano wa mkonge, kwa kuwa wengi wetu twaujua: kamba zake tumefungia mbuzi, na magunia yake tumeyabeba mgongoni.

Kwanza nitawasimulia jambo nililoliona mwenyewe. Huko pwani alikuwako mvuvi mmoja ambaye mashua yake ilioza ubao. Fundi alikata gunia la katani, akalibandika juu ya ubao ule, akalipaka resini. Resini ni gundi ya kiwandani. Humiminwa ikiwa majimaji, kisha huganda ikawa ngumu kama pembe. Kiraka kilipokauka, fundi alikigonga kwa nyundo mbele ya watu, na hakikupata hata ufa. Mvuvi akalipa, akaenda zake. Miezi mitano baadaye, katika masika, kiraka kilivimba kandokando, kikabanduka mashua ikiwa baharini. Mvuvi yule na mwanawe walifika ufukoni wakichota maji kwa ndoo. Walinusurika, lakini kwa shida.

Je, fundi alidanganya? Hapana. Nyundo yake ilisema kweli, lakini ilikuwa kweli ya siku ile tu. Nyundo hupima nguvu, haipimi kudumu. Basi neno la kushika leo ni hili: nguvu ni jambo moja, na uimara wa miaka mingi ni jambo jingine.

Kuchanganya vitu ili vipate nguvu si jambo geni kwetu. Mtu akijenga nyumba ya udongo husimamisha miti, akafunga fito, kisha akakandika. Udongo peke yake hupasuka. Fito peke yake hazizuii upepo. Vikiwa pamoja, fito hushikilia na udongo hufunika. Katika somo letu, resini ni kama udongo, na nyuzi ni kama fito.

Sasa tuzitazame nyuzi zenyewe. Uzi wa kioo hupatikana kwa kuyeyusha kioo katika moto mkali na kukivuta mpaka kiwe chembamba kuliko unywele. Ulianza kutengenezwa kwa wingi huko Marekani katika miaka ya 1930, na mafundi wetu huuita fibaglasi. Uzi huu una nguvu mara kadhaa kuliko uzi wa katani wenye unene ule ule. Tena haunywi maji, wala hauliwi na ukungu. Lakini ni mzito, hutumia moto mwingi kutengenezwa, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Katani nayo ina sifa zake. Ni nyepesi. Tuseme tuna chombo cha lita moja. Tukikijaza kioo kitupu, pasipo nafasi hata kidogo, kioo kile kitakuwa na uzito wa kama kilo 2 na nusu. Tukikijaza nyuzi za katani vivyo hivyo, zitakuwa kama kilo 1 na nusu. Zaidi ya hayo, katani huota shambani, na ikivunwa huota tena. Ubaya wake ni kwamba hupenda maji. Hata ikiwa imeanikwa ghalani, katika kila kilo 10 za katani huwamo karibu kilo 1 ya unyevu iliyouvuta hewani. Ikinywa maji huvimba, na ikikauka hunywea. Ikivimba na kunywea mara nyingi, huachana na gundi. Ndivyo kilivyokufa kiraka cha mvuvi wetu.

Pengine mtu atauliza, "Kama kioo ni bora hivyo, kwa nini tujisumbue na katani?" Swali hili ni la haki. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na mwanzo huo mdogo, katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaenea duniani, na kufika miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 50,000. Mashamba yaligeuka msitu, na wakata mkonge wengi walikosa kazi. Kwa hiyo kila kazi mpya ya katani ni riziki ya mtu. Lakini kazi hiyo haitadumu ikiwa tutauza vitu vinavyobanduka masika yakifika.

Basi tufanyeje ili katani na kioo vifanye kazi pamoja? Yako mambo manne.

La kwanza ni mahali pa kila uzi. Chukua ufito mbichi, uukunje polepole. Utaona kwamba huanza kupasuka upande wa nje wa mkunjo, si katikati. Kitu kikikunjwa, nje ndiko kwenye taabu kubwa, katikati hupumzika. Kwa hiyo nyuzi za kioo huwekwa nje, pande zote mbili, na katani huwekwa katikati. Kioo kitabeba taabu, na pia kitazuia maji yasiifikie katani kwa haraka. Katani itajaza unene bila kuongeza uzito mwingi.

La pili ni kuosha. Uzi wa katani una nta ya asili, na gundi haishiki vema juu ya nta. Viwandani huuosha kwa soda kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, iliyozimuliwa kwa maji mengi. Ikizidi ukali, huula uzi wenyewe. Nayo huunguza macho na mikono. Kazi hii si ya kujaribu nyumbani.

La tatu ni kukausha. Katani yenye unyevu ikifungiwa ndani ya resini, imefungiwa pamoja na adui yake.

La nne ni kuziba kingo. Maji hayapiti kwa urahisi juu ya uso uliopakwa vizuri. Hupita ukingoni palipokatwa na penye tundu la msumari. Kila tundu na kila ukingo lazima upakwe resini tena.

Hata mambo hayo yote yakifanywa, tujue mipaka. Viwanda vya magari vya Ujerumani hutumia nyuzi za mimea, katani ikiwamo, kwa upande wa ndani wa milango, mahali pasipopigwa na mvua. Hapo zafaa sana. Lakini sehemu ya mashua inayokaa majini mchana na usiku, mimi nisingetia katani hata kidogo.

Saruji nayo ilitupa funzo kama hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980, wataalamu walijaribu kutia katani ndani ya saruji ili kupata vipande vya kuezekea, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi za majaribio hayo. Vipande vipya vilikuwa imara. Miaka ilipopita, katani iliyokuwa ndani iliharibika, na vipande vikawa vyepesi kuvunjika. Sababu ni kwamba saruji ina ukali kama wa magadi, na ukali huo ukilowana huyeyusha kile kinachoshikanisha chembe za uzi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, fundi akikuonyesha kitu cha mchanganyiko, usitazame nyundo yake tu. Muulize: kitakaa wapi, penye maji au pakavu? Nje kuna nini, na ndani kuna nini? Kingo zimezibwa? Je, unacho kingine kama hiki kilichokwisha kupita masika mawili? Mtu mwenye kuuliza hivyo hununua mara moja.

Wanakisomo, wiki hii chukueni kipande cha kamba ya katani na kipande cha kamba ya nailoni. Vifukieni katika udongo wenye unyevu, mwandike tarehe daftarini. Baada ya miezi miwili vifukueni, mvivute, mwandike mlichokiona.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini kiraka cha mvuvi kilishinda nyundo lakini kikashindwa na maji?
2. Kwa nini nyuzi za kioo huwekwa nje na katani katikati?
3. Maji huingia wapi kwa urahisi katika kitu cha mchanganyiko?
4. Taja vitu viwili vya nyumbani kwako ambavyo katani na kioo vingefaa, na kimoja ambacho havingefaa. Eleza sababu.