Mkono, Mdomo na Istilahi: Lugha ya Mazoezi ya Mpiga Ngoma

Kamusi za Kiswahili ni tajiri wa majina ya ngoma. Msondo, chapuo, vumi, tari na nyinginezo zimepewa fasili zake, na mara nyingi fasili hizo hueleza umbo, ukubwa na shughuli ambamo ngoma hupigwa. Sauti nazo zina maneno yake: ngoma hudunda, huvuma, hurindima. Lakini msomaji akitaka kujua mkono wa mpigaji hufanya nini hata sauti hiyo ikatoka, kamusi hunyamaza. Atakuta kupiga, atakuta mkwiro, na safari itaishia hapo. Mhadhara huu unahusu pengo hilo. Hoja yake ni kwamba katika ufundi wa ngoma jina la zoezi si kitambulisho tu. Jina lenyewe ni sehemu ya zoezi. Istilahi ikiundwa bila kulizingatia jambo hili, anayepata hasara si mwanaisimu bali ni mwanafunzi mwenye mikwiro mkononi.

Mazoezi yanayokusudiwa ni mapigo ya msingi ya ngoma ndogo ya kijeshi, ile yenye nyuzi chini ya ngozi. Mapigo hayo yalikulia katika majeshi ya Ulaya, ambako ngoma iliongoza mwendo wa askari na kupeleka amri. Nchini Marekani, Charles Stewart Ashworth alichapisha kitabu cha mafunzo yake mwaka 1812. Mwaka 1933 wapiga ngoma 13 walikutana Chicago wakakubaliana juu ya mapigo 13 ya lazima, ambayo baadaye yaliongezwa yakawa 26. Na mwaka 1984 chama cha Percussive Arts Society kilitoa orodha ya mapigo 40. Kati ya matukio hayo, mwaka 1935, George Lawrence Stone wa Boston alitoa kitabu chake Stick Control, ambacho kurasa zake za kwanza karibu hazina kitu ila mapigo yanayolingana na herufi mbili chini yake, R na L, za mkono wa kulia na wa kushoto.

Mambo haya si ya ugenini mtupu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii, alionyesha jinsi beni ilivyozuka katika pwani ya Kenya tangu miaka ya 1890, na jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ngoma za bendi ya kijeshi ziliingia mitaani kwa njia hiyo, na Zanzibar beni bado husikika katika harusi. Tofauti iko katika namna ya kujifunza. Aliyejifunzia mtaani alifuata jicho na sikio, ilhali mwanafunzi wa leo mara nyingi huanza na kitabu au video ya Kiingereza. Maneno, basi, humfikia pamoja na mapigo.

Ichukuliwe mfano ngurumo ya mapigo mawili mawili: kulia mara mbili, kushoto mara mbili, polepole kwanza, kisha kwa kasi hadi mapigo yaungane, kisha polepole tena. Wapigaji wa Kiingereza tangu zamani wameiita daddy-mammy, na Wafaransa papa-maman. Kiswahili hakihitaji kutafsiri chochote hapa, kwani kina baba na mama, na kinazo kwa usafi kuliko lugha hizo mbili. Ba-ba: silabi ile ile mara mbili, mkono ule ule mara mbili. Ma-ma: mkono wa pili. Hata hivyo, kuna mtego. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mtu husema BA-ba, MA-ma. Udhaifu mkuu wa mwanafunzi wa pigo hili ndio huo huo: pigo la kwanza hutoka kwenye kifundo cha mkono likiwa na nguvu, la pili huachiwa mkwiro uruke wenyewe, nalo hufifia. Lugha yake inamsaidia kukosea. Dawa inayojulikana ni kutia mkazo kwenye pigo la pili kwa makusudi, na mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuitamka dawa hiyo: ba-BA, ma-MA. Sikio lake litakataa, na kwa sababu linakataa, atajua mkono wake uko wapi.

Ugumu zaidi uko kwenye pigo liitwalo paradiddle. Silabi zake nne ni mapigo manne: mbili za kwanza hubadilishana mikono, mbili za mwisho hurudia mkono mmoja. Kulia, kushoto, kulia, kulia. Kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Faida yake ni kwamba mkono unaoongoza hubadilika kila duru bila mikono kupishana. Sasa, kanuni ya kawaida ya kutohoa huongeza irabu palipo na konsonanti mbili au mwisho uliofungwa, na matokeo yake hapa ni paradidili. Neno hilo ni zuri kwa kila kipimo cha fonolojia, ila lina silabi tano. Mwanafunzi akilitamka huku akipiga, ama ataongeza pigo la tano, ama mdomo utachelewa nyuma ya mikono. Aidha, mkazo utaangukia silabi ya nne, ilhali kwa desturi zoezi hili hutiwa mkazo kwenye pigo la kwanza.

Pata baba, pata mama: maneno haya ya kawaida yanafanya kazi ambayo neno la kutohoa limeshindwa. Pa-ta ni silabi mbili tofauti, mikono miwili tofauti. Ba-ba ni silabi moja iliyorudiwa, mkono mmoja uliorudiwa. Mkazo wa kwanza unaangukia pa, mahali pake hasa. Baba anabaki kulia na mama kushoto, kama katika ngurumo. Kasoro ipo, maana pa huanzia kulia katika duru ya kwanza na kushoto katika ya pili. Mpigaji wa dumbaki asingeiridhia, kwa kuwa katika mafunzo yake dum na tak hutolewa na mkono ule wenye nguvu na ka na mwenzake, bila kubadilika.

Maneno ya mwili nayo yana hatari yake. Kamusi za zamani hufasili kiwiko cha mkono kuwa kiungo cha karibu na kiganja, lakini wasemaji wengi leo humaanisha kiungo cha katikati ya mkono. Matangazo ya mwaka 2020 ya kuwataka watu wakohoe kwenye kiwiko yalieleweka hivyo. Mwalimu asemaye "geuza kiwiko" anaweza kupata darasa linalopunga mikono mizima, na mabega yatachoka kabla ya kifundo kujifunza lolote. Kifundo cha mkono ni jina salama zaidi.

Herufi za Stone ndizo zinazosumbua zaidi. Kulia na kushoto zote huanza na ku-, hivyo baadhi watapenda kuandika L na S. Lakini L ya Kiswahili ni kulia, na L ya kitabu ni kushoto; anayechanganya kurasa hizo mbili atapiga kinyume cha wenzake, na katika safu ya beni mikwiro inayokwenda kinyume huonekana na mtaa mzima. Kiswahili kina kuume, neno la heshima la mkono ule ule. Likiondolewa ku- hubaki U, ambayo haigongani na herufi yoyote ya kitabuni. U na S zinaweza kuandikwa kwa penseli juu ya mistari ya kwanza ya Stone, ambaye hutaka kila zoezi lirudiwe mara 20 bila kusita.