Kabla mbwa wako hajapanda ndege

Juma hili nataka tuzungumze juu ya msafiri asiyejua anakokwenda, asiyeomba kusafiri, na ambaye hata akionewa njiani hawezi kuandika barua ya malalamiko. Msafiri huyo ni mbwa. Na paka naye yumo.

Huenda ukacheka. Utasema: tuna matatizo ya maji, ya barabara na ya ada za shule, na huyu bwana anakaa mbele ya kipaza sauti kuzungumzia safari ya mbwa! Nakuomba usizime redio. Mazungumzo haya yanaanzia kwa mbwa wa nyumba yenye ukuta na geti, lakini yataishia kwa mtoto wa jirani yako.

Siku hizi watu wetu wengi wanakwenda kuishi nje. Mmoja amepata nafasi ya masomo, mwingine amehamishwa kikazi, wa tatu amefunga ndoa na mtu wa huko. Barua inafika, tiketi inanunuliwa, masanduku yanafungwa. Halafu zikiwa zimebaki wiki tatu, mtoto wa nyumba anauliza: "Baba, na Simba naye atakwenda?" Baba anajibu kwamba atakwenda, kwani ana cheti chake cha chanjo. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Tuchukue mfano wa Uingereza, maana ndiko wengi wetu wanakokwenda. Mbwa anayetoka Tanzania au Kenya hapokelewi kwa cheti cha chanjo peke yake. Nchi zetu hazimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza inaamini kwamba zimeudhibiti ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Kwa hiyo msafiri wetu huyu lazima apite hatua kadhaa, na kila hatua ina mpangilio wake. Ukitanguliza ya pili kabla ya kwanza, umeharibu zote.

Hatua ya kwanza ni alama. Daktari wa mifugo anamwekea mnyama kidude kidogo cha elektroniki, chenye ukubwa kama wa punje ya mchele, chini ya ngozi karibu na mabega. Wenyewe wanakiita chipu. Ndani yake mna namba, kwa kawaida ya tarakimu 15, inayosomwa kwa mashine. Namba hiyo ndiyo jina la mbwa mbele ya sheria. Uwanja wa ndege hawamjui Simba wala Popi, wanaijua namba.

Hatua ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnyama awe ametimiza angalau wiki 12, na achanjwe baada ya kuwekewa chipu au siku hiyo hiyo, lakini si kabla. Wengi hukwama hapa. Mbwa amechanjwa kila mwaka tangu utoto wake, vyeti vimejaa droo, lakini chipu imewekwa jana. Vyeti vyote hivyo havihesabiwi. Afisa wa kule atauliza swali moja tu: nitajuaje kwamba mbwa aliyechomwa sindano ile ndiye huyu niliyemshika? Ni swali la haki, nasi hatuna jibu. Itabidi achanjwe upya.

Hatua ya tatu ni damu. Zikipita siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, daktari anachukua damu ya mnyama na kuipeleka katika maabara iliyoidhinishwa. Hazipo katika kila mji. Kwa bara letu, mojawapo ni ile ya Onderstepoort, Afrika Kusini. Maabara inapima kama mwili wa mbwa umejenga kinga, na kiasi kinachotakiwa ni angalau nusu ya kizio cha kimataifa katika kila mililita ya damu. Kikipungua, mbwa anachanjwa tena na hesabu inaanza upya.

Hatua ya nne ni kusubiri. Majibu yakiwa mazuri, mnyama hasafiri kesho yake. Anangoja miezi 3 kamili tangu siku ile damu ilipochukuliwa. Sasa jumlisha mwenyewe: siku 30 na miezi 3 ni miezi minne, hata kama kila kitu kimekwenda sawasawa. Mtoto wa mbwa aliyechanjwa akiwa na wiki 12 hawezi kuingia Uingereza kabla hajakaribia miezi saba. Na yule baba mwenye wiki tatu mkononi? Simba atabaki kwa shangazi.

Zipo na nyingine. Mbwa lazima apewe dawa ya tegu mbele ya daktari, si mapema kuliko siku tano kabla ya kuingia na si chini ya saa 24. Lazima awe na hati ya afya iliyothibitishwa na daktari wa serikali. Kwa ndege, anaingia Uingereza kama mzigo uliosajiliwa, kwa njia zilizoidhinishwa. Hakai kwenye mapaja ya mama kule juu pamoja na abiria, isipokuwa wale mbwa maalumu wanaowaongoza wasioona na wenye ulemavu mwingine. Na wapo mbwa ambao, hata wakiwa na karatasi zote, mlango wao umefungwa kwa sababu ya aina yao. Sheria ya mwaka 1991 ilizitaja aina nne, ikiwamo Pit Bull Terrier, na wale wanaoitwa XL Bully wakaongezwa mwishoni mwa mwaka 2023.

Ukifika bila kukamilisha masharti, serikali ya kule ina njia tatu: kumrudisha mnyama alikotoka, kumweka karantini, au, ikishindikana kabisa, kumwua. Gharama ni zako.

Nimewasikia watu wakilalamika. Wanasema huu ni ubaguzi mwingine: wametunyima viza sisi, sasa wanawanyima na mbwa wetu! Msikilizaji, mimi si mtetezi wa ofisi za viza, lakini katika hili naomba tuwe waadilifu. Masharti haya hayakuanza kwa ajili yetu, na Waingereza wenyewe yamewaliza zaidi kuliko sisi.

Uingereza ni kisiwa, na ilitumia miaka mingi kukiondoa kichaa cha mbwa kwa amri za kuwafunga mbwa midomo na kuwaweka karantini wale wanaotoka nje. Kufikia mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Askari waliokuwa wakirudi nyumbani waliingiza mbwa kwa siri, na mwaka 1918 ugonjwa ukarudi. Ilichukua mpaka mwaka 1922 kuumaliza tena. Kwa hiyo kwa miaka mingi kila mbwa, awe wa balozi au wa tajiri, alifungiwa karantini kwa miezi sita. Mlango ulianza kulegezwa mwaka 2000 kwa nchi chache. Nchi kama zetu zilisubiri mpaka mwaka 2012, pale kipimo cha damu na ile miezi mitatu vilipochukua nafasi ya miezi sita ya kifungo. Ukitazama hivyo, mbwa wetu leo anasafiri kwa nafuu kuliko alivyosafiri mbwa wa ofisa wa kikoloni aliyekuwa anarudi kwao.

Na kama unadhani sheria hizi zinawaogopa wenye majina, tazama yaliyotokea Australia. Mwaka 2015 mwigizaji wa sinema Johnny Depp na mkewe wa wakati huo, Amber Heard, waliingia nchini humo kwa ndege binafsi wakiwa na vijibwa vyao viwili, Pistol na Boo, bila ya kuvitangaza. Waziri wa Kilimo, Barnaby Joyce, alisema hadharani kwamba vijibwa hivyo viondoke, la sivyo vitauawa. Viliondoka. Mwaka uliofuata bibi huyo alikiri mahakamani kosa la kutoa hati isiyo ya kweli, na wote wawili walionekana katika picha za video wakiomba radhi. Mbwa wa nyota wa sinema alifukuzwa; wako na wangu ni nani?

Marekani nayo imekaza kamba. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa yeyote anayeingia huko lazima awe na umri usiopungua miezi sita, awe na chipu, na fomu yake ijazwe kabla ya safari. Wanaotoka katika nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na zetu zimo, wana masharti zaidi, na hawashuki katika kila uwanja wa ndege. Lakini usidhani sisi tumeacha milango wazi. Anayeleta mbwa Tanzania anatakiwa kuwa na kibali cha kumwingiza, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na hati ya afya kutoka alikotoka. Kenya ni vivyo hivyo.

Kwa nini basi dunia nzima imeshikilia ugonjwa huu mmoja? Kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa kuumwa, na husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Hiyo ndiyo siri ya ile miezi mitatu ya kusubiri. Kama mbwa aliumwa kabla ya kuchanjwa, ugonjwa una nafasi ya kujitokeza akiwa bado nyumbani kwako.

Na kwa nini damu, wakati cheti kipo? Hapa, msikilizaji, tuambiane ukweli wetu. Sote tunajua kwamba cheti kinaweza kuandikwa bila sindano kuchomwa. Sote tunajua pia kwamba chanjo inaweza kuchomwa ikiwa imekwisha nguvu, kwa kuwa ililala katika jokofu lisilo na umeme siku mbili. Cheti kinaweza kununuliwa. Damu haihongeki. Walichofanya wenzetu ni kuipita karatasi na kuuliza mwili wenyewe.

Sasa nakuja kwa mtoto wa jirani yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote barani Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Orodha ile inayomkera mwenye mbwa anayekwenda London ndiyo orodha inayomzika mtoto kijijini. Ni ugonjwa mmoja, na deni ni moja. Tajiri analilipa kwa kusubiri miezi minne. Maskini analilipa kwa mwanawe.

Na dawa yake inajulikana tangu Julai 1885, pale Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister, mwenye miaka tisa, aliyekuwa ameumwa na mbwa. Mtoto yule aliishi. Leo wataalamu wanasema kwamba ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Wala usiseme hayo ni ya Ulaya. Kisiwa chetu cha Pemba kiliuondoa ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuwachanja mbwa. Mwaka 2016 ukarudi, kwa virusi vilivyotoka nje ya kisiwa, kama vile ulivyorudi Uingereza mwaka 1918. Wapemba hawakukata tamaa. Walichanja tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 ukaondoka tena. Pemba imetufundisha mambo mawili: kwamba tunaweza, na kwamba anayemvusha mnyama bila chanjo anaweza kuangusha kazi ya miaka.

Kwa hiyo nina maneno mawili ya kuagana. La kwanza ni kwa msafiri. Kama unatarajia kwenda kuishi nje na mnyama wako, usingoje tiketi. Muone daktari wa mifugo mapema, anza na chipu, halafu chanjo, halafu damu. Na usiache chanjo ya marudio ipitwe na tarehe hata siku moja, kwani ikipitwa, kipimo cha damu nacho kinakufa. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda, maana masharti hubadilika. Mwenye kasuku wa kijivu aulize mara mbili, kwani tangu mwaka 2017 ndege huyo yuko katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa mkataba wa kimataifa, na bila vibali vyake havuki mpaka.

La pili ni kwa wewe usiyesafiri. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na nyakati hizo mabwana mifugo wengi huchanja mbwa na paka mitaani. Mpeleke wako, hata kama ni koko anayelala nje ya geti. Na mtu akiumwa, usipake pilipili wala mafuta ya taa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Siku mbwa wetu saba katika kila kumi watakapokuwa wamechanjwa, mwaka baada ya mwaka, tutakuwa na haki ya kwenda London na Washington kudai jina letu lihamishwe orodha. Mpaka hapo, wacha watupime damu.