Reli haipiti Othaya, lakini tunailipia

Wengi mmeuliza nilisema nini Jumamosi pale Othaya kuhusu treni ya Nanyuki. Naweka hapa karibu yote, jinsi nilivyoongea. Ni uzi mrefu, chemsha chai kwanza. Sitaji mwanasiasa wala chama, na wewe ukijibu usitaje.

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo. Najua kuna mtu hapa anajiuliza, sisi na reli wapi na wapi? Kweli, Othaya haina stesheni. Hata Nyeri mjini reli haifiki, inapita Karatina halafu Kiganjo, ndiyo iende Naro Moru na Nanyuki. Lakini tangu 2013 bidhaa nyingi zinazotoka nje zinatozwa ushuru wa maendeleo ya reli. Ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Ukinunua simu au tairi ya pikipiki hapa mjini, aliyeiagiza alishalipa, na wewe umemrudishia pesa yake. Kwa hivyo hili si jambo la watu wa Nairobi peke yao. Uliza maswali kama mwenye mali.

Reli hii ni ya zamani. Ilifika Thika 1913, Nanyuki 1930. Haikujengwa ili wewe uamkie kazini Nairobi. Ilikuwa ya kubeba mazao na mizigo ya walowezi. Ndiyo maana ina kona nyingi, inateremka mpaka Sagana kisha inaanza kupanda tena, na ni njia moja tu. Treni mbili zikikutana, moja lazima ingoje pembeni mahali pa kupishana. Ikaachwa miaka mingi, nyasi zikamea, watu wakajenga vibanda juu yake. Mwaka 2020 ikakarabatiwa kwa takriban shilingi bilioni 1.8, na Desemba mwaka huohuo abiria wakaanza kupanda tena kwa shilingi 200, Nairobi hadi Nanyuki. SGR ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu zaidi ya bilioni 300. Linganisha mwenyewe.

Sasa tuje kwa ule mjadala. Upande mmoja unasema abiria wanaongezeka, kwa hivyo mradi umefaulu. Upande mwingine unasema ni hasara tupu. Mimi nasema wote wawili wanaruka hesabu.

Chukua mfano wangu, si takwimu rasmi. Treni inabeba watu 300, inaenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Ikijaa safari zote mbili, hao ni watu 600 kwa wiki. Gawanya kwa matatu ya watu 14, unapata magari 43. Jumlisha stendi za Othaya, Nyeri na Karatina, naona hayo magari yanaisha asubuhi moja ya Jumatatu. Kwa hivyo mtu akikuambia abiria wameongezeka maradufu, muulize kutoka wangapi. Kutoka 100 hadi 200 ni maradufu pia.

Halafu mapato. Watu 300 kwa shilingi 200 ni shilingi 60,000. Toa dizeli, mishahara, ulinzi, ukarabati wa njia. Treni inaweza kujaa mpaka watu wasimame na bado isijilipe. Ile ya Mombasa tiketi za sikukuu zilikuwa za kuwindwa mapema, na bado Januari 2024 nauli ya daraja la chini ikapanda kutoka 1,000 hadi 1,500. Hapo hakuna dhambi. Barabara pia hazijilipi, na hakuna anayeziita hasara. Cha muhimu ni anayeahidi nauli ya chini aseme nani atajazia hiyo tofauti.

Mimi nilipanda hiyo treni mara moja, nikija nyumbani na mzigo. Nilifurahia, sitadanganya. Ukivuka Sagana unaona mashamba ambayo ukiwa kwa barabara huyaoni kabisa. Lakini ilikuwa safari ya mchana mzima, na nikashuka Kiganjo. Kiganjo hadi Nyeri, gari moja. Nyeri hadi Othaya, gari lingine, na mzigo una nauli yake. Yale magari mawili yalinila zaidi ya ile treni. Hapo ndipo nilielewa kwamba kwa mtu wa Othaya, maboresho ya reli yanaanza nje ya stesheni: gari linalongoja abiria, kwa saa inayojulikana.

Na kuna jambo ambalo kwenye mikutano husikii. Ile barabara ya njia mbili ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84, inaelekea upande uleule wa reli. Serikali moja, miaka ileile, pesa kwa zote mbili. Matatu ikipata barabara nzuri, treni ya polepole haitaishinda kwa abiria mwenye haraka. Kwa maoni yangu, nguvu ya reli hii iko kwa mizigo ya Karatina, kwa mafuta ya Nanyuki, na kwa safari fupi za huku Ruiru na Thika ambako msongamano unaua watu kwa uchovu. Mtu anaweza kupinga hilo, lakini aje na hesabu.

Kwa hivyo mgombea akija hapa na neno “reli ya kisasa”, msipige makofi kwanza. Muulizeni treni ngapi kwa siku, inatoka saa ngapi, itapishana wapi, na kutoka Kiganjo nitafikaje Othaya.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, “Sasa kijana, wewe unataka tumpigie nani?” Watu wakacheka. Nikamwambia, guka, hilo hata kwa chai silijibu. Maswali mengine wekeni hapa chini, nitayapitia jioni.