Mahali pa Kuunga Waya wa Ardhi Nyumbani
(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Umeme umekwisha kuingia katika nyumba nyingi za wanachama, na vyama kadhaa vimejenga nyumba za watumishi kwa fedha za mazao. Katibu anapotia sahihi hati ya malipo ya fundi, huangalia kama taa zinawaka. Lakini taa huwaka sawasawa hata pale ambapo waya wa ardhi haukuungwa popote. Kasoro hiyo haionekani mpaka siku mtu anapogusa jokofu au pasi yenye hitilafu, na siku hiyo malipo yake huwa ni uhai. Ndiyo sababu jambo hili linastahili kuzungumzwa mbele ya kamati.

Kazi ya waya wa ardhi

Nyaya tatu huingia katika soketi. Waya wa moto huleta umeme, waya wa nyutro huurudisha, na waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, haubebi kitu siku za kawaida. Umeungwa kwenye bati la chombo ili kulinda. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bati, umeme hupata njia ya kupita katika waya huo badala ya kupita katika mwili wa mtu, na kikata-umeme hupata sababu ya kukata.

Njia yake kutoka udongoni

Nje ya nyumba hupigiliwa fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, ambayo mafundi huiita ethi rodi. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko mchanga mkavu, kwa hiyo haifai kuipigilia juujuu mahali pakavu. Waya hufungwa kwenye fimbo kwa kibanio cha skrubu, ndani ya kishimo chenye kifuniko, ili mkaguzi aweze kukiona. Kuzungushia waya kwa mkono si kuunga. Kutu huingia na njia hukatika.

Kutoka kwenye fimbo waya huenda moja kwa moja hadi kwenye kipande cha shaba chenye skrubu nyingi, kilichomo ndani au kando ya swichi kuu. Hicho ndicho kituo kikuu cha ardhi. Hapo huungwa waya wa fimbo, nyaya za ardhi za soketi na taa zote, bati la sanduku la swichi ikiwa ni la chuma, na waya unaotoka kwenye bomba la maji la chuma linaloingia nyumbani. Kila waya huwa na skrubu yake. Mita na vifaa vilivyotiwa lakiri ni mali ya shirika la umeme, na fundi wa nyumba hana ruhusa ya kuvifungua ili apate mahali pa kuunga.

Nyutro si ardhi

Wapo mafundi ambao, kwa kukwepa gharama ya fimbo, huunga ardhi na nyutro pamoja ndani ya soketi. Hatari yake ni kubwa. Nyutro ikikatika kati ya nguzo na nyumba, umeme uliopita katika taa hukosa njia ya kurudi, nao hutokea kwenye mabati ya vyombo vyote. Tena, waya wa moto na nyutro vikigeuzwa kwa makosa, kila bati huwa na umeme papo hapo.

Yafaa ieleweke kwamba huko Marekani nyutro na ardhi huunganishwa katika swichi kuu ya nyumba, na hapo tu. Katika masanduku yanayofuata hutengwa. Huo ni utaratibu wa mfumo wao. Fundi anayeuona katika kitabu au picha asiunakili katika nyumba yenye fimbo yake pasipo idhini ya shirika la umeme.

Hesabu ndogo

Fimbo peke yake haitoshi. Tuchukulie kuwa njia nzima ya ardhi ina ukinzani wa omu 20. Volti 230 zikigawanywa kwa 20 hupatikana ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 30 haitakatika kwa mkondo huo, na bati litaendelea kuwa na umeme. Kwa hiyo nyumba yenye fimbo yake huhitaji swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo hukata kwa miliampea 30 tu. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe angalau mara moja kila miezi mitatu.

Wajibu wa katibu

Kabla ya malipo, katibu aone mambo manne: leseni ya fundi, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA, kibanio cha fimbo kwa macho yake, kituo kikuu cha ardhi kabla sanduku halijafungwa, na karatasi ya vipimo yenye kiasi cha omu kilichopatikana. Karatasi hiyo iwekwe katika jalada la nyumba, kama vile stakabadhi inavyowekwa katika jalada la fedha. Pale ambapo plagi ya mwanachama imekatwa mguu wa ardhi ili iingie katika soketi ya miguu miwili, aelezwe kwamba ameondoa kinga yake mwenyewe.

Gharama ya fimbo, kibanio na mita chache za waya ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya nyumba. Kamati inayoipunguza haijaokoa fedha za wanachama; imeahirisha deni, na atakayelilipa huenda akawa mtoto aliyetumwa kufungua jokofu.